Unataka kushusha gari kwa mara ya kwanza? Fahamu haya kabla hujabadilisha springi

Gari lililoshushwa huvutia macho. Nafasi kati ya tairi na madigadi inapungua, gari linaonekana pana, na kwenye kona halilali sana. Ndiyo maana vijana wengi wenye Subaru Impreza, Toyota Altezza au Mark X, iwe Dar es Salaam, Arusha au Nairobi, hufika siku wakaulizia springi fupi.

Kazi yenyewe fundi mzoefu huimaliza ndani ya siku moja. Shida ni kwamba makosa mengi ya mara ya kwanza hayaonekani siku hiyo. Yanajitokeza wiki kadhaa baadaye: tairi imeliwa upande wa ndani, bushi zimechanika, shokapu inavuja. Na kuna kosa moja ambalo halisubiri wiki. Hilo linaweza kuvunja mkono wa fundi papo hapo.

Springi ya kushusha ni ipi?

Springi ya gari hubeba uzito wa bodi. Shokapu kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya kupita shimo. Springi ya kushusha ni fupi kuliko ya kiwandani, na kwa kawaida ni ngumu zaidi.

Ugumu huo una sababu. Gari likiwa chini, nafasi ya springi kujibana kabla chuma hakijagonga chuma inapungua. Tuseme gari lina milimita 80 za kushuka linapopita kwenye shimo. Ukilishusha milimita 30, zinabaki 50. Springi ikiwa laini kama ya zamani, abiria wanne na mizigo kwenye buti watazimaliza hizo 50 kwenye tuta la kwanza.

Springi za magari ya kutembelea barabarani kwa kawaida hushusha gari milimita 20 hadi 40. Kampuni kama Eibach na H&R za Ujerumani, au Tein ya Japani, hutengeneza springi kwa kila aina ya gari. Kwa hiyo kabla ya kulipa, hakikisha namba iliyoandikwa kwenye boksi inaendana na modeli, mwaka na injini ya gari lako. Ya Impreza haifungwi kwenye Altezza kwa sababu tu "zinafanana".

Kukata springi: bei chee, hatari kubwa

Mtaani kuna njia ya mkato. Fundi anachukua grainda, anakata mzunguko mmoja au miwili ya springi ya zamani, na gari linashuka. Mwingine anaipasha moto kwa gesi hadi ilegee.

Springi iliyokatwa mara nyingi haina tena mwisho unaokaa vizuri kwenye kikombe chake. Gari likipita shimo kubwa na tairi likaning'inia, springi inaweza kulegea, kuzunguka au kuchomoka mahali pake. Iliyopashwa moto ni mbaya zaidi, kwa sababu chuma chake kinapoteza uimara uliowekwa kiwandani. Leo gari limeshuka sentimita tatu, mwezi ujao limeshuka tano, tena upande mmoja.

Kama bajeti inaruhusu kukata tu, ni afadhali kusubiri.

Angalia shokapu kwanza

Springi mpya juu ya shokapu iliyochoka ni pesa iliyopotea. Springi ngumu inahitaji shokapu yenye nguvu ya kuituliza. Ikiwa shokapu ina mafuta nje, au ukikandamiza kona ya gari inacheza zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, badilisha zote kwa pamoja. Utalipia ufundi mara moja badala ya mbili.

Hapo hapo kagua mauntingi ya juu, beringi yake, na raba ya ndani inayozuia shokapu kugonga hadi mwisho. Gari likishushwa, raba hiyo hufanya kazi zaidi kuliko mwanzo. Ikiwa imekatikakatika, usiirudishe.

Sehemu ya hatari: springi iliyobanwa

Kwenye magari mengi madogo, mbele kuna mfumo unaoitwa MacPherson, jina la mhandisi wa Marekani Earle MacPherson. Springi na shokapu hukaa pamoja kama kitu kimoja. Impreza nyingi za miaka ya 2000 zina mfumo wa aina hii mbele na nyuma.

Juu kabisa, katikati ya mauntingi, kuna nati moja. Nati hiyo ndiyo inayozuia springi iliyobanwa isifyatuke. Ukiifungua kabla ya kuibana springi kwa kibanio chake, umefungua mtego.

Hesabu ni rahisi. Chukua springi inayohitaji kilo 3 hivi kuibana milimita moja. Ikibanwa milimita 100, inasukuma kwa nguvu ya takriban kilo 300, kama watu wazima wanne wamekaa juu yake. Kipande cha chuma cha kilo moja kikirushwa na nguvu yote iliyohifadhiwa humo, kinaweza kutoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Uso wa fundi huwa karibu sana na nati hiyo.

Kwa hiyo:

• Tumia kibanio imara, chenye ndoano zilizokaa pande mbili zinazotazamana.
• Kaza pande zote kidogo kidogo, kwa zamu, kwa spana ya mkono. Mashine ya kukazia kwa upepo iache pembeni.
• Fungua nati ya katikati pale tu springi inapocheza kwenye vikombe vyake.
• Usielekeze kichwa cha springi kwako wala kwa mtu aliyesimama karibu.
• Ndoano ikiteleza au uzi wa boliti ukiwa umeliwa, simamisha kazi.

Gereji ikikwambia "sisi tunafunga kwa waya" au "tunaibana kwa mnyororo", tafuta nyingine.

Kazi inavyokwenda, hatua kwa hatua

Kwanza, pima. Gari likiwa kwenye sakafu iliyonyooka, pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, magurudumu yote manne, na uandike. Bila vipimo hivyo hutajua gari limeshuka kiasi gani, wala kama limelala upande.

Pili, legeza nati za matairi, inua gari kwa jeki, kisha liweke juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu. Hakuna mtu anayeingia chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake.

Tatu, ondoa paipu ya breki, waya wa sensa ya ABS na linki ya stebilaiza kwenye shokapu. Usiache breki ikining'inia kwenye paipu yake. Ifunge kwa waya.

Nne, weka alama ya rangi kwenye boliti mbili za chini ya shokapu kabla ya kuzitoa. Kwenye Impreza, boliti ya juu kati ya hizo mbili za mbele ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi. Ukiitoa bila alama, gari litatoka gereji likivuta upande.

Tano, badilisha springi nje ya gari kwa kibanio. Maandishi ya springi yasomeke wima, yasipinduke, na mwisho wa springi uingie kwenye ngazi yake kwenye kikombe. Legeza kibanio taratibu ukiangalia kama imekaa.

Nyuma, magari kama Honda Fit yana springi iliyojitenga na shokapu. Hapo kazi ni nyepesi: boliti za chini za shokapu zinatolewa, ekseli inashushwa kwa jeki polepole, springi inatoka kwa mkono. Angalia paipu za breki zisivutwe.

Boliti za bushi: kosa ambalo wengi hawalijui

Mikono ya chini ya gari imefungwa kwa bushi za raba. Raba hiyo imeshikamana na chuma chake, na tairi likipanda au kushuka, raba inajipinda.

Ukikaza boliti zake gari likiwa bado juu ya stendi, tairi linaning'inia. Ukishusha gari, raba inajipinda na kubaki hivyo siku zote. Hapo inachanika mapema, na urefu wa gari nao unaweza kudanganya.

Njia sahihi: kama boliti hizo zimelegezwa, zishike kidogo tu, shusha gari likae kwenye matairi yake, lisukume juu chini mara kadhaa, ndipo ukaze. Mkazo ufuate kitabu cha gari hilo, kwa spana yenye kipimo. Fundi akikaza kila kitu gari likiwa hewani, muulize kwa nini.

Alaimenti na taa

Gari likishuka, pembe za matairi zinabadilika. Tairi linaweza kulala kwa ndani, na mwelekeo wa mbele nao unahama. Usipopeleka gari kwenye wili alaimenti, tairi mpya litaliwa upande wa ndani huku upande wa nje ukionekana mzima.

Springi mpya hujikalia kidogo baada ya siku kadhaa za kutembea. Kwa hiyo siku ya kwanza hakikisha usukani umenyooka na gari halivuti. Baada ya wiki moja hivi, pima tena urefu, kagua mkazo wa boliti, ndipo ufanye alaimenti kamili.

Kumbuka taa pia. Ikiwa mbele imeshuka zaidi kuliko nyuma, mwanga unaangukia karibu mno. Nyuma ikishuka zaidi, unawamulika wenzako machoni. Rekebisha kabla ya safari ya usiku.

Barabara zako ndizo zinazoamua

Kabla ya yote, tembea na futi. Pima nafasi iliyopo kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari, mara nyingi bomba la moshi, sampo ya oili au bampa ya mbele. Toa milimita unazotaka kushusha. Kisha angalia tuta la mtaani kwako, mfereji wa kuingilia getini, na barabara ya vumbi ya kwenda nyumbani kipindi cha mvua.

Sampo ikipigwa na jiwe na oili ikamwagika bila dereva kujua, injini inaweza kufa ndani ya dakika chache. Gharama yake inazidi springi mara nyingi.

Anayebeba familia na mizigo kila wikendi kwenda mkoani, au anayefanya biashara ya teksi mtandao, anashauriwa kubaki na urefu wa kiwandani. Anayeishi kwenye lami na kutembea na abiria mmoja au wawili, milimita 20 hadi 30 zinamtosha.

Kabla ya kulipa, muulize fundi maswali haya

• Una kibanio cha springi? Nikione.
• Shokapu zangu bado nzima?
• Boliti za bushi utazikaza gari likiwa juu au chini?
• Alaimenti ipo kwenye bei, au naitafuta mwenyewe?

Springi za zamani usizitupe wala kumwachia fundi. Zifunge vizuri uziweke nyumbani. Mteja wa gari lako kesho huenda akalitaka likiwa na urefu wake wa mwanzo. Na ukikatia gari bima kubwa, iambie kampuni ya bima kuhusu mabadiliko hayo mapema, kabla ya ajali kukulazimisha kuyaeleza.