Chali, Kifudifudi na Mshazari

Mama aliyeteleza na kiroba cha tangawizi kwenye njia za Mamba Miamba hufika hospitalini Same ameshikilia kifundo cha mkono kilichovimba. Kwenye fomu daktari ameandika: mkono wa kulia, PA na ubavu. Mara nyingi hakuna anayemweleza maana yake. Kwangu mimi, kuelezwa ni haki yake, kwa sababu mashine ya eksirei haipigi picha nzuri peke yake. Nusu ya kazi hufanywa na mgonjwa, mwili wake unapokaa kama ulivyoombwa.

Picha ya eksirei ni kivuli. Röntgen aliigundua mionzi hii Würzburg, Ujerumani, Novemba 1895, na mwezi uliofuata akapiga picha ya mkono wa mkewe: vikaonekana vivuli vya mifupa, na pete kidoleni. Mfupa huzuia miale, ndiyo maana hutokea mweupe. Hewa iliyomo mapafuni huipitisha, pakawa peusi. Na tabia ya kivuli tunaijua tangu utotoni, tulipocheza na mikono mbele ya kibatari. Mkono ukiwa karibu na ukuta, kivuli chake ni kikali na cha kipimo chake. Ukiusogeza kwenye taa, kinavimba na kufifia kingo.

Sasa zile herufi. A ni upande wa mbele wa mwili, P ni wa nyuma. PA maana yake miale imeingilia nyuma ikatokea mbele. AP ni kinyume chake. Herufi hizo hutaja njia ya miale tu, wala hazisemi kama mgonjwa amelala au amesimama. Hata wanafunzi wetu hukosea hapo.

Kwa picha ya kifua tunakwambia simama wima, kifua kiguse kaseti (bamba linalonasa picha), mikono kiunoni, viwiko na mabega uyasukume mbele. Tyubu inayotoa miale iko mgongoni kwako, umbali wa sentimita 180. Moyo umekaa zaidi mbele ya kifua, kwa hiyo ukiikumbatia kaseti moyo nao unakuwa karibu nayo, na kivuli chake hakivimbi. Mabega yakienda mbele, makombe yake yanaondoka juu ya mapafu. Kisha: vuta pumzi, shikilia! Pumzi kamili hushusha kiwambo, na mbavu tisa au kumi za nyuma zikahesabika juu yake. Pumzi ya nusu huyabana mapafu chini, yakaonekana kama yana ugonjwa.

Mzee asiyeweza kusimama hupigwa akiwa chali, AP, na moyo wake hutokea mkubwa kuliko ulivyo. Ndiyo sababu lazima tuandike AP kwenye picha. Ninaumia sana neno hilo linaposahaulika, kwa sababu familia inaweza kurudi nyumbani na hofu ya ugonjwa wa moyo ambao haupo.

Turudi kwa mama wa tangawizi. Kiganja chake tunakilaza juu ya kaseti, miale iingilie mgongo wa mkono: hiyo ndiyo PA. Halafu tunamwomba asimamishe mkono, kidole gumba juu: huo ni ubavu. Kwa nini mara mbili? Anayeitazama milima ya Upare Kusini kutoka Makanya anaona ukuta mmoja mrefu. Hapo alipo hawezi kujua kwamba nyuma ya ukuta huo kuna safu nyingine na mabonde, na ng'ambo kabisa mpunga wa Ndungu. Picha moja nayo humpa daktari urefu na upana, ikamnyima kina. Mvunjiko wa aina aliyoieleza daktari Abraham Colles wa Dublin mwaka 1814, kabla ya eksirei kuwapo, huweza kuonekana mdogo kwenye PA. Ubavu ndio unaoonyesha kipande cha mfupa kimepinda kuelekea mgongo wa mkono. Mfupa huo ukifungwa hogo bila kunyooshwa, mama ataishi na mkono uliopinda.

Kiswahili kinatutosha kabisa katika kazi hii. Chali, kifudifudi, ubavu, wima: kila neno ni mkao kamili, na bibi wa Chome hahitaji mkalimani. Mwili ukigeuzwa nusu, kati ya chali na ubavu, ni mshazari, mkao unaotenganisha mifupa inayofichana.

Herufi ya risasi, R kwa kulia au L kwa kushoto, huwekwa kabla ya kupiga. Daktari huisoma picha kama anayetazamana nawe, kwa hiyo kulia kwako kuko kushoto kwake.

Kuhusu mionzi yenyewe, picha moja ya kifua ya PA ni takriban milisiveti 0.02, sawa na mionzi ya asili ya siku tatu hivi. Hata hivyo mwanamke aulizwe kuhusu ujauzito, na aulizwe faraghani, si mbele ya shemeji aliyemsindikiza.

Mkao ninaoupenda kuliko yote ni wa mgonjwa anayeshukiwa kuwa na maji kifuani. Tunamlaza kwa ubavu wenye tatizo, tunasubiri dakika chache, kisha tunapitisha miale sambamba na sakafu. Maji yaliyo huru hushuka na kutandaa kando ya mbavu za chini, na daktari anajua kwamba anachokiona ni maji, si pafu lililoshikana.