Kamera ndogo ku kioo cha gari: tarehe kwanza, uzuri wa picha nyuma

Msimu wa mvua uliopita, bisi moja ya wafanyakazi ilikuwa inarudi ku Kolwezi asubui mapema na watu wa poste ya usiku. Ku kona moja, kamyo iliyokuwa inakuja mbele ikaacha upande wake, ikagonga bisi ubavuni. Tunashukuru Mungu, hakuna aliyekufa. Mwenzetu mmoja alivunjika mkono, wengine walichanwa na vioo, na bisi ikalala mu mtaro.

"Mi nilikuwa ku laini yangu," shofere alituambia kesho yake. "Ule wa kamyo njo alikuya ku yangu. Na kamera iko, iliona yote."

Kweli alikuwa na kamera ndogo ku kioo cha mbele, ile ya michezo ambayo vijana wanafunga ku kofia wakipanda pikipiki. Tukafurahi. Tukaketi watu watano ku biro ya sendika, tukafungua kadi. Picha ilikuwa safi: kamyo inaonekana, mstari mweupe unaonekana, hata mvua inaonekana. Lakini faili ilisema 1 Januari 2016, saa sita ya usiku na dakika kumi. Batri ilikuwa imekauka kabisa siku nyingi, saa ya kamera ikarudi mwanzo, na hakuna mtu aliyeirudisha. Mtu wa asiransi aliangalia mara moja tu. Akauliza: "Hii ni ajali ya mwaka gani?"

Shofere akasimamishwa. Ilituchukua wiki saba kukusanya maneno ya watu waliokuwa mu bisi, mmoja mmoja, ndipo akarudishwa kazini. Wiki hizo saba watoto wake wawili walikaa nyumbani sababu ya minervali.

Tangu siku ile, mashofere wanakuja kutuuliza: kamera gani tununue, na tuifunge namna gani? Sisi si mafundi wa picha. Lakini tumejaribu kamera mbalimbali mu bisi, mu taksi na mu kamyo za kubeba katode, na makosa tumeyafanya ya kutosha. Tunaandika ili wengine wasiyarudie.

Njia yetu mnaijua. Kutoka Lubumbashi kupita Likasi mpaka Kolwezi ni kilomita karibu 300, na juu yake shaba na kobalti vinashuka, asidi, chokaa na mazuti vinapanda, na katikati ya kamyo hizo kuna bisi zetu, watoto wa shule na wa mama wenye kubeba makala ku baisikeli. Wengi hawajasahau Februari 2019 ku Kabwe, mu Lualaba, wakati kamyo iliyobeba asidi ya sulfuriki iligongana na gari za abiria na watu karibu 20 wakapoteza maisha.

Kuna na jambo la volani. Congo tunaendesha kuume, Zambia na Tanzania wanaendesha kushoto. Kamyo inavuka Kasumbalesa na volani yake iko kuume, na gari ndogo nyingi zilizotoka Japani ziko vilevile. Shofere wa gari ya namna hiyo akitaka kumpita mwenye kwenda polepole, lazima atoe nusu ya gari mu laini ya wengine ndipo aone. Ndiyo sababu ugomvi mwingi wa ajali kwetu ni ugomvi wa mstari: nani alikuwa wapi. Kamera ndogo inajibu swali hilo vizuri sana, hata ile ya bei ya chini.

Tuseme ukweli kwanza. Kama pesa yako ni ya kununua kamera ya gari tu, basi nunua ile iliyotengenezwa kwa gari. Inawaka yenyewe ukigeuza ufunguo, inaandika tarehe juu ya picha, na zile nzuri hazina batri ya litiamu ndani bali kondansatere, ambayo inavumilia joto zaidi. Kamera ya michezo, kama GoPro, DJI Osmo Action, SJCAM na nyingine, ilitengenezwa kwa mtu anayekimbia mu upepo. Lakini tunajua namna maisha yanakwenda. Kamera mara nyingi inaletwa na ndugu aliyetoka safari, ama mtu anataka kitu kimoja cha kupiga ndoa, mpira na njia. Kama uko nayo, itumie. Jua tu udhaifu wake.

Dukani, muuzaji atakuonyesha 4K na rangi za ajabu. Mwache aseme, kisha uliza maswali yako. Je, inaandika tarehe na saa juu ya picha? SJCAM na nyingi za bei ndogo zinaandika. GoPro, pamoja na bei yake yote, inaweka tarehe ndani ya faili lakini haiandiki juu ya picha. Je, inaweza kuwaka yenyewe ikipata umeme? SJ4000, ambayo ni ya zamani na watu wanaicheka, iko na mpango wa gari kwa kazi hiyo. Je, inaweza kurudia juu ya kadi, yaani kadi ikijaa inafuta ya zamani na kuendelea? Bila hiyo, utafika Likasi kadi imejaa, na kutoka pale mpaka nyumbani unaendesha na pambo tu ku kioo. Je, iko na GPS? GoPro kutoka HERO5 mpaka HERO11 ziko nayo, HERO12 waliitoa, HERO13 wakairudisha. GPS inaandika mwendo na mahali, na inarekebisha saa. Lakini mkumbuke, kama wewe ndiwe uliyekuwa unakimbia, itasema hivyo vilevile.

Kwa ukubwa wa picha, 1080 inatosha kuonyesha laini. Namba ya plake ndiyo shida, sababu lensi ya kamera hizi ni pana sana na kila kitu kinaonekana mbali. Chagua mpango wa lensi iliyonyooka, si ile pana inayopinda njia kama ndizi. Na zima ule ufundi wa kutuliza picha. Mu gari unachanganya mambo: kamera inatikisika pamoja na gari, halafu picha inavutwa kinyume, tablo inaogelea, na shimo ulilopiga halionekani kuwa shimo. Sisi tunataka shimo lionekane.

Sasa kufunga, fasi ambayo wengi wanaharibu. Ndani ya kioo, si inje. Watu wanasema kamera hizi haziogopi maji, ni kweli, lakini mavumbi ya kiangazi yatafunika lensi kabla hujamaliza kilomita ishirini, na ile ya kufunga ku pare-shoki itaibiwa ukisimama kununua maji. Iweke juu, karibu na retrovizere, ndani ya eneo ambalo waipa inasafisha. Angalia hilo siku ambayo hakuna mvua: endesha waipa na kitambaa kibichi, uone inafika wapi. Isifunike macho ya shofere. Kama volani iko kuume, sogeza kamera kidogo kushoto ya katikati, ione upande ambao wewe huoni. Na usiweke kitu chochote juu ya fasi ya erbagi. Ikifunguka, kamera inakuwa jiwe la kurushwa usoni.

Vantuze, ile mpira ya kunyonya kioo, ni nzuri kwa mtu anayetoa kamera kila jioni. Osha kioo na maji ya sabuni, kisha alkoli, kausha, bonyeza sana ndipo ufunge mkono wake. Usiiweke juu ya vidoti vyeusi vya ukingo wa kioo, haishiki. Mu joto la Oktoba inaachia polepole. Kila asubui ibonyeze tena. Ile ya gundi inashika kuliko, lakini inahitaji masaa 24 ya kutulia kabla ya kuweka kamera. Mwenzetu mmoja hakungoja hata dakika kumi. Kamera ikaanguka kati ya pedali za frein akishuka mulima. Tangu pale tunafunga na kakamba kadogo ku mguu wa retrovizere, hata kama gundi ni ya kuaminika. Ku tablo usibandike gundi kama mnapakaza mafuta ya kung'arisha. Kile kitambaa cheusi ambacho mama anataka kutupa kilaze juu ya tablo: kinaondoa mwangaza unaorudi ku kioo, na picha inakuwa safi bila kununua filta.

Umeme. Batri ya kamera inakwenda saa moja, mbili ikijitahidi. Lazima kable. Gari ndogo ni volti 12, kamyo na bisi nyingi kubwa ni volti 24. Sharjere ya bei ndogo ya volti 12 ukiichomeka mu kamyo inaungua, na mara nyingine inaungua na kamera. Soma maandishi yake: lazima iseme 12 mpaka 24. Pitisha kable juu ya dari na ubavuni, isining'inie ku volani.

Kuna wanaotoa batri na kuacha kable peke yake ili kamera isipate joto. Inafanya kazi ku kamera fulani. Sisi hatuipendi. Ajali ikikata umeme, faili haifungwi, na dakika zile unazozitaka ndizo zinapotea. Acha batri ndani, na chagua vipande vifupi, vya dakika tatu ama tano. Ukisimama juani, ondoa kamera ku kioo. Ikizidiwa na joto inajizima bila kukuambia kitu. Kadi iwe ile ya kuvumilia kuandikwa sana, na uiandae upya mu kamera yenyewe kila mwezi. Kwa 1080, saa moja inakula giga 13 mpaka 20 kufuatana na kamera, basi kadi ya giga 64 inabeba njia ya Lubumbashi mpaka Likasi bila shida.

Sauti ilituletea mabishano ku sendika. Faida yake ni kubwa: kamyo ikikugusa na kukimbia, soma plake yake kwa nguvu, maikro itaisikia hata kama picha haioni. Lakini mu bisi ya wafanyakazi watu wanazungumza. Wanazungumza mshahara, wanazungumza mkuu wa ekipe, wanazungumza mgomo. Kadi hiyo ikifika mu mikono ya mkubwa, tumemfungia mwenzetu kamba shingoni. Tuliamua hivi: shofere aliye peke yake mu kamyo aache sauti. Mu bisi sauti izimwe, kamera iangalie njia tu, na watu waambiwe kwamba iko. Kijana mmoja wa kwetu hajakubali mpaka leo. Anasema kelele za abiria zinaonyesha nani alifunga frein kwanza. Ana haki kidogo.

Ku mlango wa karière na ku barière yote, zima na funika. Kampani nyingi zinakataza picha ndani ya eneo lao na karatasi uliyosaini siku ya kuingia kazini inasema hivyo. Mtu anaweza kufukuzwa kwa kipande cha dakika moja alichosahau. Vilevile kwa askari: usiwapige picha, hata kama unaona jambo. Kwa jambo hilo kuna njia nyingine. Na usitupe sura za watu waliojeruhiwa mu telefone za mtaa. Familia yao inaona.

Ajali ikitokea, zima kamera mapema, maana inayoendelea inafuta. Toa kadi, iweke mu mfuko wako, si mu gari. Usikate, usibadilishe jina la faili. Tengeneza kopi mbili, moja ikae ku delege. Ukituma na WhatsApp, tuma kama dokima, si kama video. Ukituma kama video inabanwa, na plake inageuka ukungu. Kadi yenyewe usimpe mtu yeyote bila karatasi yenye saini inayosema amepokea.

Yule shofere wa bisi bado anatumia kamera yake ileile. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha motere, anaweka telefone yake mbele ya lensi, saa na tarehe vinaonekana, anangoja kidogo, ndipo anatoa. Abiria wa kwanza walimcheka. Sasa mama mmoja wa kantini akiona amesahau, anamuuliza kutoka nyuma: "Tata, leo ni tarehe ngapi?"

Wenye kamera waje nazo ku biro ya sendika Jumamosi nyuma ya poste ya asubui. Tutaangalia saa, kadi na vantuze pamoja. Kila mtu alete kable yake. Ile ya telefone haiingii ku kamera zote.