DAMU NA USAHAULIFU WA WAZEE

Wengi wetu tutokao Chekereni tumekulia kando ya mifereji ya mpunga. Basi nitaitumia mifereji hiyo kueleza jambo la wazee wetu ambalo aghalabu husemwa kwa kunong'ona.

Mzee akisahau njia ya kwake, au akiwaita wajukuu kwa majina ya watu waliokwisha kufa, wengine husema ni uzee tu. Wengine husema karogwa, au kwamba mchawi ni yeye mwenyewe. Hayo si kweli. Huo ni ugonjwa, nao huitwa dimenshia.

Aina zake ni kadha wa kadha. Mojawapo hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo. Ubongo ni kama jaruba: mfereji ukiziba juu, mpunga wa chini hunyauka, ijapokuwa mto Rau umejaa maji. Pengine mshipa mkubwa huziba ghafula, na hicho ni kiharusi. Pengine mishipa midogo huharibika mmoja mmoja kwa miaka mingi, na akili ya mzee hupungua polepole.

Ugonjwa huu si wa nchi za mbali. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2013, uliofanywa katika wilaya jirani ya Hai kwa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, ulikadiria kwamba watu 6 hivi katika kila 100 wa umri huo wana dimenshia.

Je, damu yaweza kutufunulia hali ya ubongo? Maji yatokayo jarubani yakiwa na udongo mwingi, twajua kwamba ukingo umebomoka. Vivyo hivyo, seli za ubongo zikiumia, vipande vya nyuzi zake huingia katika damu. Kimoja ni protini iitwayo nyurofilamenti nyepesi. Kwa watu ambao mishipa midogo ya ubongo imeharibika, mara nyingi protini hiyo huzidi, na izidipo sana akili nayo huelekea kupungua zaidi.

Lakini udongo hautuambii ni nani aliyebomoa ukingo. Protini hiyo huongezeka pia kwa umri, kwa ugonjwa wa figo, na kwa ugonjwa wa Alzheimer. Huo wa Alzheimer una alama yake nyingine, p-tau217, na mwezi wa Mei 2025 Marekani iliruhusu kipimo cha damu kinachoitumia. Kwa dimenshia ya mishipa, hapana bado kipimo kimoja cha damu kitoshacho. Daktari huwauliza jamaa, humpima mgonjwa kumbukumbu, na hutazama picha ya ubongo.

Kwa hiyo tusingoje damu iseme, kwani huyasema yaliyokwisha kuharibika. Adui mkubwa wa mishipa hiyo ni shinikizo la damu, ambalo aghalabu halina maumivu. Huko huko Hai, uchunguzi mwingine wa mwaka 2013 uliwakuta nalo wazee karibu 7 katika kila 10, na wengi hawakujua. Kulipima ni kazi ya dakika chache, kwa mkanda unaofungwa mkononi.

Ndugu zangu, likizo ijayo tuwapeleke babu na bibi zahanati wakapimwe, na wakipewa dawa tuwakumbushe kuzimeza kila siku. Na aliyekwisha kusahau majina yetu, tumtajie kwa upole. Asiitwe mchawi mbele yetu tukanyamaza.