Karanga zilizokataliwa mpakani zisiishie tumboni mwa mbwa

Mfanyabiashara mwenye stoo Namanga au Busia akipata mtoto wa mbwa mzuri ng'ambo ya mpaka, humnunua, humtafutia cheti cha afya cha daktari wa mifugo na kuvuka naye. Kesho yake mbwa anaharisha. Mara nyingi chanzo ni sahani: alizoea chakula kikavu cha dukani, sasa amewekewa ugali na mabaki ya nyama choma.

Tumbo la mbwa wa miezi miwili au mitatu halihimili mabadiliko ya ghafla. Chakula kipya kinatakiwa kichanganywe na cha zamani, kidogo kidogo, kwa muda wa siku 7 hivi.

Umri huo pia ni wa kutafuna. Meno ya utotoni yanakaribia kung'oka, fizi zinauma, na magunia, viatu na nyaya za umeme havisalimiki. Ndipo wengi hununua kichezeo cha mpira chenye uwazi ndani. Aliyekianzisha ni Joe Markham wa Colorado, Marekani, katika miaka ya 1970, baada ya kuona mbwa wake akifurahia kutafuna kipande cha mpira cha gari la Volkswagen badala ya mawe. Kichezeo hujazwa chakula na kuwekwa kwenye friza. Mbwa hulamba taratibu, baridi humtuliza fizi, na mwenye duka hupata nafasi ya kuhudumia wateja.

Cha kujaza

Kwa mbwa mwenye tumbo jepesi, kilicho salama zaidi ni chakula chake cha kila siku kilicholowekwa kwenye maji ya uvuguvugu hadi kilainike, kikashindiliwa ndani na kugandishwa. Hapo tumbo halikutani na kitu kigeni.

Akizoea, anaweza kupewa wali laini uliochanganywa na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, mifupa wala chumvi. Boga au kiazi kitamu cha kuchemsha, kilichopondwa bila sukari, navyo vinafaa. Mtindi usiotiwa sukari ujaribiwe kwa kijiko kimoja tu, kwa kuwa baadhi ya mbwa hawapatani na maziwa. Kila kitu kipya kiingie peke yake na mbwa aangaliwe siku mbili tatu kabla ya kuongezwa kingine. Vitafunio vyote kwa jumla visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku.

Vitunguu, vitunguu saumu, zabibu, chokoleti na makadamia visikaribie kichezeo hicho. Makadamia, zinazolimwa kwa wingi Kenya, humletea mbwa kutapika, kutetemeka na kulegea miguu ya nyuma.

Karanga na lebo

Wengi hupenda kujaza siagi ya karanga, na hapo pana hatari mbili. Ya kwanza ni sukari mbadala iitwayo zailitoli, ambayo kwenye lebo huandikwa xylitol au E967. Kwa binadamu haina shida, lakini kwa mbwa huweza kushusha sukari ya damu ndani ya saa moja na kuharibu ini. Siagi isiyo na lebo, au ambayo muuzaji hajui imetiwa nini, iachwe.

Hatari ya pili wafanyabiashara wa nafaka wanaijua vizuri: sumukuvu. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo, na siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti kinachoonyesha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125 nchini Kenya.

Mbwa huathirika nayo vibaya. Mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2021, mamlaka za Marekani ziliripoti vifo vya mbwa zaidi ya 110 vilivyohusishwa na chakula cha mifugo chenye sumukuvu.

Friza haiondoi sumu hiyo, na kukaanga au kuchemsha hakuimalizi. Kwa hiyo karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au zilizobadilika rangi zisisagwe kwa ajili ya mbwa kwa hoja kwamba ni hasara kuzitupa. Mahindi yaliyokataliwa mpakani nayo yasigeuzwe uji wake.

Kichezeo chenyewe kiwe kikubwa kuliko mdomo wa mbwa, asije akakimeza, na kiwe na matundu pande zote mbili ili ulimi usinaswe. Kioshwe kwa maji ya moto na sabuni kila baada ya kutumika, kwa maana baridi hulaza vijidudu tu, haiviui.

Mbwa mchanga akitapika mfululizo, akaharisha damu, akakataa maji au macho na fizi zikawa za njano, apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Huishiwa maji mwilini haraka, na kusubiri hadi soko lifungwe kunaweza kumgharimu mwenye stoo mlinzi wake.