Bunduki ya kupiga mbali: inafaa pori la Punia?

Picha inapita kwenye simu, kutoka kikundi kimoja cha WhatsApp mpaka kingine: bunduki nyeusi, nyembamba, na darubini kubwa juu yake. Wameandika kwamba inapiga mnyama kwenye mita 1,000, na kwamba uzito wake haufiki kilo 3. Mtu aliyeuza kasiterite vizuri mwezi huu anaiangalia, anahesabu makuta yake, kisha anajiuliza: «Nikipata hii, si nitaachana na ile kalibre 12 ya baba?»

Swali hilo si la mchezo. Huku Maniema, bunduki inaweza kula akiba ya miaka, inaweza kumpeleka mtu gerezani, na siku mbaya inaweza kumfanya apigwe risasi yeye mwenyewe. Basi mbele ya kuuliza bei, inafaa kujua bunduki hiyo ilitengenezwa kwa kazi gani, na kama kazi hiyo iko Punia.

Makuta yanalipa nini?

Bunduki za namna hii zinatengenezwa zaidi Marekani na Ulaya, kwa wawindaji wa milima na nchi za wazi. Mtu wa kule anapanda mlima siku nzima, anamwona mnyama upande wa pili wa bonde, na hawezi kumkaribia. Ndiyo maana analipa sana juu ya vitu viwili: wepesi na umbali. Kwa wepesi, kitako kinatengenezwa kwa nyuzi za kaboni badala ya mbao. Kwa umbali, mtutu unachongwa kwa uangalifu mkubwa, na darubini inawekwa juu.

Kule Marekani, bunduki ya hali ya juu inaweza kupita dola 3,000 bila darubini, na darubini nzuri inaongeza dola mia kadhaa ao zaidi ya 1,000. Kwa makuta hayo, mtu wa Punia anaweza kununua pikipiki zaidi ya moja na kuanza kazi ya kubeba watu na mizigo.

Si kwamba bunduki hizo ni za uongo. Mtu anayetembea siku tatu porini, na mzigo mgongoni, anajua kilo moja ni nini. Tena kitako kisicho cha mbao hakivimbi kwa mvua. Lakini wepesi una deni lake: kwa risasi ileile, bunduki nyepesi inarudisha bega kwa nguvu zaidi kuliko nzito. Anayeogopa kurudishwa anafumba macho, na anayefumba macho anakosa shabaha.

Pori linatoa mita ngapi?

Hapa ndipo hesabu inaanza kuharibika. Teritware ya Punia, kandokando ya mto Lowa na mbali na barabara, ni msitu mkubwa. Chini ya miti ile, mwindaji anamwona mnyama kwenye mita 15, 20, labda 40. Sehemu nyingi hata hizo 40 hazipatikani, sababu majani na mizizi vinafunga njia ya macho.

Bunduki ya kupiga mita 800 haiwezi kufungua msitu. Hata darubini yake inageuka kuwa shida. Darubini nyingi za kupiga mbali zinakuza mara 4 ao 5 hata zikiwekwa chini kabisa. Mboloko akisimama kwenye mita 20, mwindaji anaona sehemu ndogo tu ya pori ndani ya darubini, na anaweza kukawia kumkuta mnyama. Mpaka apate shabaha, mnyama amekwisha kwenda.

Kalibre 12 ilienea katika misitu ya Afrika ya Kati juu ya sababu hiyo. Inatoa chembe nyingi kwa pamoja, na kazi yake iko ndani ya mita 30 ao 40. Hizo ndizo mita ambazo msitu unampa mwindaji. Ni kusema, mwenye kununua bunduki ya kupiga mbali Punia ananunua umbali ambao hatautumia.

Risasi ni swali la kila siku

Bunduki inanunuliwa mara moja, lakini risasi zinanunuliwa siku zote. Bunduki za kupiga mbali zinatumia risasi zenye majina kama 6.5 Creedmoor ao .300 Winchester Magnum. Kila aina inaingia katika bunduki yake tu, na ya kalibre 12 haiwezi kuziba nafasi. Kule zinakotengenezwa, sanduku la risasi 20 nzuri linaweza kufika dola 40 ao 50. Ni kusema dola 2 na zaidi kwa mlio mmoja, mbele ya kuhesabu njia, vibali na faida ya mchuuzi. Zikiisha, bunduki ya maelfu ya dola inabaki fimbo.

Zaidi ya hapo, bunduki yenye darubini inapaswa kurekebishwa. Mtu anapiga kwenye alama, anageuza vifungo, anapiga tena, mpaka risasi na darubini zikubaliane. Kazi hiyo inaweza kula risasi 10 ao 20. Sasa afikirie kijiji kinachosikia milio 20 asubuhi kutoka upande wa mashamba. Watu hawatasema «jirani anarekebisha darubini yake». Watashika watoto na kukimbia.

Na risasi iliyokosa inaenda wapi? Risasi ya bunduki kubwa, ikipigwa juu kidogo, inaweza kusafiri zaidi ya kilomita 3. Mti unaweza kuizuia, na inaweza pia kupita katikati ya miti mpaka kwenye shamba, kambi ya wachimbaji ao njia ya mto. Chembe za kalibre 12 nazo zinaua, lakini zinachoka mapema zaidi.

Bunduki kubwa inataka nyama kubwa

Mboloko mzima ana uzito wa kilo 4 mpaka 6 hivi. Anayempiga kwa risasi ya bei kali, yenye nguvu ya kuangusha mnyama wa kilo 300, anapoteza mara mbili: risasi ni ghali, na nyama yenyewe inapasuka. Ili bunduki ya maelfu ya dola irudishe makuta, mwenyewe atavutwa kwenda kutafuta mnyama mkubwa.

Lakini wanyama wakubwa wa msitu ule ni nani? Gorila, okapi, tembo, na sokomutu pia. Hao sheria inawalinda. Gorila wa huku, anayeitwa gorila wa Grauer, hapatikani nchi nyingine yoyote ila mashariki ya Kongo. Mwaka 2016 aliwekwa kwenye orodha ya wanyama walio karibu kabisa kutoweka duniani. Hesabu iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria kwamba wamebaki 6,800 hivi. Punia iko na hifadhi yenye jina la gorila hao. Kakakuona, yule mnyama wa magamba, naye ni wa kuachwa: tangu mwaka 2017 biashara yake kati ya nchi na nchi imekatazwa duniani kote.

Nguruwe wa pori na mbogo wako pia, lakini kibali ndicho kinachosema mnyama gani anaweza kupigwa na wangapi. Basi hesabu ya mwenye bunduki kubwa inamsukuma pole pole kwenye mlango wa gereza. Anaanza kwa nguruwe, deni linabana, kisha siku moja anapita mbele ya okapi.

Karatasi ni mbili, si moja

Watu wengi wanachanganya hapa. Kushika silaha ni jambo moja, na kuwinda ni jambo lingine.

Silaha na risasi zinaongozwa na sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Mtu hawezi kununua, kushika wala kubeba bunduki bila kibali cha serikali. Uwindaji unaongozwa na sheria namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Hiyo ilipanga aina mbalimbali za vibali vya kuwinda, kikiwemo kibali cha pamoja cha jamii ya kijiji. Mwaka 2014 ikaongezeka sheria namba 14/003 juu ya ulinzi wa mazingira, ambayo inaadhibu wanaoua wanyama wanaolindwa.

Mwenye kibali cha bunduki bila kibali cha kuwinda hajapata ruhusa ya kupiga hata mboloko. Na mwenye vyote viwili hana ruhusa ya kuingia hifadhini, wala ya kuwinda wakati uwindaji umefungwa.

Kuna jambo lingine. Marekani na nchi za Ulaya haziruhusu bunduki kutoka bila kibali cha serikali zao. Kwa hiyo mtu akileta bunduki ya namna hiyo Punia «kwa bei nzuri», bila karatasi, mnunuzi ajue kwamba imepita njia ya nyuma. Bei ilishuka sababu hatari yote imehamia kwa yeye anayenunua.

Kwenye bariera

Mashariki ya Kongo imeishi na vikundi vyenye silaha miaka mingi. Raia Mutomboki, walioanzia Shabunda, walijulikana pia upande wa Walikale na Punia. Mwaka 2025, vita vya M23 vilifika mpaka Walikale, jirani kabisa na Punia. Katika hali hiyo, askari akimwona mtu anatoka porini na bunduki ndefu yenye darubini, hatafikiria mboloko. Atafikiria mpiga shabaha wa vita. Kalibre 12 ya mtutu mmoja watu wanaijua, hata kama nayo inaulizwa karatasi. Ile nyingine haijulikani, na kitu kisichojulikana kinajibiwa kwa haraka.

Na wenye kikundi nao wana macho. Bunduki ya maana kijijini haibaki siri. Wakipita usiku, watagonga kwanza mlango wa mwenye nayo, na familia yake iko ndani.

Mbele ya kutoa makuta

Anayetaka kuwinda kwa sheria aanzie ofisini, si kwa mchuuzi. Aende kwa huduma ya mazingira ya teritware ao ya jimbo huko Kindu, aulize kibali gani kinapatikana, kwa mnyama gani, kwa silaha gani na kwa muda gani. Aulize pia upande wa utawala na polisi juu ya kibali cha silaha. Akiambiwa «lipa tu, karatasi zitakuja», asilipe. Kijiji kinaweza pia kuuliza kwa jina la chifu juu ya kile kibali cha pamoja, badala ya kila nyumba kutafuta bunduki yake.

Kisha ajihesabie mwenyewe: pori lake linampa mita ngapi, risasi zitatoka wapi, mnyama anayeruhusiwa ana kilo ngapi, na nani ataiona bunduki hiyo njiani. Akijibu bila kujidanganya, mwenye kasiterite ataona kwamba bunduki ya mita 1,000 ni kitu kizuri kwa milima ya watu wengine. Punia, makuta hayo yana kazi nyingine: pikipiki, bwawa la samaki, nguruwe wa kufuga, masomo ya watoto. Pikipiki nayo inaulizwa karatasi kwenye bariera, lakini hakuna anayemdhania mwenye pikipiki kuwa mpiga shabaha.