QPADEV0007 ni nani? Jinsi ya kuzipa sesheni za terminali majina yanayotabirika

Ukiwahi kukaa mbele ya IBM i, ule mfumo uliozaliwa mwaka 1988 kwa jina la AS/400, umeshakutana na orodha hii: QPADEV0001, QPADEV0002, QPADEV0003... Ukiandika `WRKACTJOB` kutazama kazi zinazoendelea, unaona majina hayohayo. Sasa, mmoja wao amefunga rekodi ambayo ofisi nzima inaisubiri. Ni nani? Amekaa wapi? Jina halisemi kitu.

Tuanze na tulikotoka. Zamani terminali za 5250 ziliunganishwa kwa waya wa twinax, hadi saba kwenye tundu moja, kila moja na anwani yake. Mfumo uliziita DSP01, DSP02 na kadhalika. Ilimradi hakuna aliyegusa waya, DSP02 ya leo ndiyo DSP02 ya kesho. Ikaja TCP/IP, terminali ikageuka kuwa programu ndani ya kompyuta ya kawaida, na waya wa kuitambulisha ukatoweka. Ikiwa programu haikutaja jina, seva ya Telnet inaipa lolote lililo wazi. Asubuhi wewe ni 0007, baada ya chakula cha mchana ni 0012.

Kwani jina lina uzito gani? Kwenye IBM i lina uzito mkubwa, kwa sababu jina la kifaa ndilo linalokuwa jina la kazi yako ya skrini. Mambo matatu yanalitegemea:

1. Uchapishaji. Kama wasifu wa mtumiaji umewekwa `OUTQ(*WRKSTN)`, mfumo unauliza kifaa karatasi ziende wapi. Kifaa kikibadilika kila siku, hati ya ghala inaweza kutokea kwenye printa ya uhasibu.
2. Mgawanyo wa kazi. Mfumo mdogo kama QINTER unaweza kupokea vifaa kwa kuangalia mwanzo wa jina: `ADDWSE SBSD(QINTER) WRKSTN(GHALA*)`.
3. Ufuatiliaji. Kumbukumbu za kazi huandika namba, mtumiaji na jina la kazi. GHALA03 inakupeleka mezani kwa mtu, lakini QPADEV0007 inakuacha njia panda.

Dawa yake ipo kwenye itifaki yenyewe. RFC 2877 ya mwaka 2000, ambayo baadaye ilirithiwa na RFC 4777 ya 2006, inaeleza kwamba wakati wa mazungumzo ya mwanzo programu inaweza kutuma kigezo kinachoitwa DEVNAME. Yaani terminali inabisha hodi na kujitaja kabla ya kukaribishwa. Kwa tn5250 kwenye Linux ni mstari mmoja tu:

`tn5250 env.DEVNAME=GHALA01 seva`

Kwenye programu za IBM zenyewe, tafuta sehemu ya kitambulisho cha kituo cha kazi. Hapo unaweza kuandika jina moja kwa moja, au `&COMPN` ili lichukuliwe jina la kompyuta, au `&USERN` ili lichukuliwe la mtumiaji. Jina lisizidi herufi 10, na lianze na herufi, sio tarakimu. Ndiyo maana kompyuta zenye majina marefu yanayofanana mwanzoni huleta shida: yakikatwa, mbili zinabaki na jina moja.

Na hapo ndipo watu wengi hukwama. Jina moja halibebi sesheni mbili kwa wakati mmoja, kwa hiyo wa pili anakataliwa kwa kodi 8902, kifaa hakipatikani. Alama ya `=` kwenye programu za IBM husaidia, kwani huruhusu jina kubadilishwa kidogo likigongana na lingine. Kodi ya mafanikio ni I902. Kumbuka pia `QAUTOVRT`: ikiwa ni 0, mfumo hauundi kifaa pepe wenyewe, hivyo utaviunda kwa mkono kwa `CRTDEVDSP` yenye `DEVCLS(*VRT)`.

Sasa tahadhari, na hii usiiruke. DEVNAME ni jina ambalo mteja anajipa mwenyewe. Yeyote anayefika kwenye seva anaweza kuandika GHALA01, kwa hiyo usitoe ruhusa nyeti kwa kuamini jina peke yake. Ukihitaji uhakika, msimamizi anaweza kuweka programu ya ukaguzi kwenye sehemu ya kutokea `QIBM_QTG_DEVINIT`, ambayo inaona anwani ya IP ya mteja na kuamua kama jina hilo limkubaliwe, libadilishwe au likataliwe. Na tumia Telnet iliyosimbwa, kwa kawaida bandari 992, badala ya 23 ambayo nywila hupita wazi.

Unaanzia wapi? Chora ramani kwanza kwenye karatasi: idara, meza, printa. Chagua kiambishi kifupi kwa kila idara, namba tarakimu mbili, kisha ndiyo uguse mipangilio. Siku rekodi itakapofungwa tena, utainua simu na kupiga meza moja tu.