Mteja Akitaka "Krenki Ndefu", Muulize Kwanza Anapanda Mlima Gani

Leo naongea na wanaouza spea za pikipiki mtandaoni.

Mimi nauza kupitia WhatsApp hapa Sumbawanga. Wateja wangu wengi wanashuka Bonde la Rukwa kwa mteremko wa Lyambalyamfipa, halafu wanarudi kupanda na magunia. Ombi lao kubwa: "Bosi, nitafutie krenki ndefu, pikipiki ivute." Usikimbilie kumtumia lipa namba. Elewa kwanza anachonunua.

Krenki ndiyo inaamua pistoni itembee umbali gani kutoka chini hadi juu. Mafundi wanaita stroki. Injini ya Honda CG125, ambayo pikipiki nyingi za Kichina zimeiga, ina silinda ya upana wa milimita 56.5 na stroki ya 49.5. Hiyo ni cc 124. Bajaj Boxer 150 ina upana wa 56 tu, ila stroki ni 58.8, ndiyo maana inafika cc 144.8. Upana karibu sawa, tofauti imeletwa na stroki.

Stroki ikiongezeka, cc zinaongezeka na nguvu ya kuvuta inapanda. Lakini resi ina bei yake. Injini ikizunguka mara 8,000 kwa dakika, pistoni ya stroki ya 49.5 inakwenda wastani wa mita 13.2 kwa sekunde. Ya 58.8 inakwenda mita 15.7. Inachoka mapema na mtetemo unaongezeka, kwa hiyo haipendi resi kubwa kama ile fupi.

Kuna uongo mmoja unauzwa sana: kwamba stroki ndefu inavuta zaidi hata cc zikiwa sawa. Si hivyo. Kwa cc zile zile, stroki ndefu ina pistoni nyembamba, faida na hasara zinafutana. Kinachobaki ni tabia: ndefu inatulia kwenye resi ndogo, fupi yenye pistoni pana inapumua vizuri kwenye resi kubwa.

Sasa hesabu ya mteja. CG125 ukiiongezea stroki milimita 5, unapata cc 136.6, yaani nyongeza ya asilimia 10. Lakini pistoni inapanda milimita 2.5 zaidi, inaweza kugonga kichwa au valvu. Lazima fundi ainue silinda kwa kipande cha kati, au atafute pistoni nyingine. Krenki peke yake haitoshi.

Sproketi ya nyuma ikitoka meno 38 kwenda 42, nguvu kwenye tairi inaongezeka kama asilimia 10.5. Injini haifunguliwi. Anachopoteza ni spidi ya mwisho, na kwenye mlima huo spidi ya mwisho haihitaji.

Kumbuka pia tuko juu, karibu mita 1,800. Hewa ni nyepesi, injini ya kawaida inapoteza takribani asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za kupanda. Wakati mwingine anayelalamika anahitaji kabureta irekebishwe tu.

Kabla ya kuuza, uliza haya matatu:

1. Unapita njia gani, na mzigo kiasi gani?
2. Nitumie picha ya injini na namba yake.
3. Fundi wako ana vipimo, na amewahi kufunga krenki kama hii?

Akijibu vizuri yote na bado anataka krenki, muuzie pamoja na pistoni na gasketi zinazolingana. Akikwama, muuzie sproketi na cheni. Faida ni ndogo, sawa. Lakini gunia likifika juu salama, huyo mteja anarudi, na anakuja na wenzake wa kijiweni.

Mtumie mwenzako anayeuza spea.